Upanga Mkuu Ufike Lini? Wakati wa Silaha Kali katika Michezo ya Video

Miongoni mwa maswali yanayowashughulisha wabunifu wa michezo ya video, lipo moja linaloonekana dogo kwa mtazamo wa haraka, ilhali mara nyingi ndilo linaloamua iwapo mchezaji ataendelea hadi mwisho au ataishia njiani, nalo ni swali la lini zana zenye nguvu zimfikie. Swali hili huhusu hasa michezo ya kuigiza mhusika, yaani ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa kubuni ndani ya hadithi ndefu, akamwongoza kutoka unyonge hadi ushujaa kwa kumwongezea maarifa, afya na vifaa. Zana zinazozungumziwa ni vyote ambavyo mhusika huyo hushika au huvaa kwa ajili ya mapambano: upanga, mkuki, fimbo ya uchawi, ngao, dirii, chapeo, pete na hirizi. Kila kimoja hubeba tarakimu zinazoonyesha jinsi kinavyoweza kumdhuru adui au kumkinga mwenye nacho, na kwa kuwa tarakimu hizo huonekana wazi kwenye skrini, mchezaji hujua papo hapo kwamba alichookota leo ni bora kuliko alichokuwa nacho jana.

Furaha ya michezo hii hutokana kwa sehemu kubwa na ongezeko hilo, na hapohapo ndipo ugumu unapoanzia. Silaha kali ikitolewa mapema mno, maadui huanguka kwa pigo moja na safari iliyosalia hugeuka matembezi. Ikicheleweshwa mno, humfikia mchezaji wakati hakuna tena adui wa kuipima, ikawa sawa na jembe jipya lililonunuliwa baada ya mavuno. Hoja ya makala haya ni kwamba wakati ufaao hupimwa kwa kazi iliyobaki mbele ya silaha hiyo, wala saa za kucheza na sura za hadithi hazitoshi kuupima, na kwamba mlango wa kuifikia unapaswa kufunguliwa kwa juhudi na maarifa ya mchezaji mwenyewe.

Kutoka mezani hadi kwenye skrini

Mizizi ya suala hili ni ya zamani kuliko michezo ya video inayochezwa leo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani unaochezwa kwa karatasi, penseli na dadu, ambamo mmoja wa washiriki huwa msimamizi anayesimulia mazingira na kuwaendesha maadui, huku wenzake wakiwaongoza mashujaa. Hazina za mapangoni ziliweza kuamuliwa kwa kurusha dadu na kusoma jedwali, kwa hiyo kundi changa liliweza kujikuta na upanga wa ajabu siku ya kwanza. Hata hivyo mezani palikuwa na mtu wa kurekebisha mambo, kwa kuwa msimamizi aliyeona mizani imelemea upande mmoja aliweza kuleta adui mkali zaidi au kumtuma mwizi usiku wa manane. Kompyuta haina jicho hilo. Michezo hii ilipohamia kwenye skrini, busara ya msimamizi ilibidi iandikwe mapema ndani ya programu, na wabunifu wakalazimika kuamua, kabla mchezaji yeyote hajagusa mchezo wao, silaha ipi ikae wapi na ipatikane kwa gharama gani.

Njia iliyokuja kuwa ya kawaida huonekana vizuri katika Dragon Quest, mchezo uliobuniwa na Yuji Horii na kutolewa nchini Japani na kampuni ya Enix mwaka 1986. Mchezaji huanza katika chumba cha mfalme akiwa mikono mitupu, akafungua sanduku lenye sarafu 120 za dhahabu, kisha akatoka kuelekea mji wa jirani na kuingia katika duka la silaha. Humo hukuta fimbo ya mwanzi kwa sarafu 10, rungu kwa 60 na upanga wa shaba kwa 180, pamoja na nguo za kawaida kwa 20, dirii ya ngozi kwa 70 na ngao ndogo kwa 90. Hesabu ni fupi, nayo inauma: upanga haununuliki, anayetaka rungu na dirii ya ngozi kwa pamoja amepungukiwa na sarafu 10, na anayechukua rungu na nguo za kawaida hubakiwa na 40 za kununulia dawa za majani. Kwa hesabu hiyo ndogo mchezaji amekwisha kufundishwa, bila mhadhara wowote, kwamba upanga wa shaba ni kitu cha kutamaniwa, na kila kiumbe dhaifu anachokipiga nje ya mji humsogeza hatua moja karibu nao.

Kadiri safari inavyosonga mbele, maduka ya miji ya mbali huuza vilivyo bora na vya ghali zaidi, hata uwezo wa mchezaji ukawa kama ngazi ambayo kila kipago chake kimewekwa kwa umbali unaofikika. Mfumo huo umeigwa na michezo isiyohesabika, kwa sababu humpa mchezaji lengo la karibu huku ukimzuia kuruka vipago.

Sababu za kuchelewesha, na hasara yake

Wabunifu wanaochelewesha silaha kubwa wana sababu za msingi. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, ambaye kitabu chake Flow kilitolewa mwaka 1990, alieleza hali ya mtu kuzama katika shughuli hadi akasahau muda, akaonyesha kwamba hali hiyo hustawi pale ugumu wa kazi unapolingana na ujuzi wa mtendaji. Ugumu ukizidi ujuzi huzaa wasiwasi, na ujuzi ukizidi ugumu huzaa uchovu wa moyo. Katika mchezo wa kuigiza mhusika, hakuna kitu kinachoweza kuuvuruga ulinganifu huo haraka kama silaha moja iliyotoka kabla ya wakati wake, kwa kuwa mchezaji hahitaji tena kujifunza kukwepa, kujipanga wala kuchagua. Sababu ya pili ni thamani ya vitakavyofuata. Aliyepata upanga usio na mfano katika saa ya tatu atafungua masanduku 100 yaliyobaki akikuta vitu duni kuliko alichonacho, na hamu ya kuchungulia kila pembe ya pango, ambayo ndiyo inayomsukuma mbele, hufifia kidogo kidogo.

Pamoja na uzito wa hoja hizo, desturi ya kuchelewesha imekuwa ikivuka mpaka tangu mwanzo. Katika Dragon Quest yenyewe, upanga wa shujaa wa kale anayesifiwa katika hadithi umefichwa ndani ya ngome ya adui wa mwisho, hatua chache kabla ya pambano linalofunga mchezo. Katika Final Fantasy, iliyotolewa na kampuni ya Square mwaka 1987, upanga uitwao Masamune, ambao ni mkali kupita panga zote na hushikwa na mhusika yeyote, hupatikana vilevile katika jengo la mwisho. Silaha za namna hii zina fahari kubwa na maisha mafupi, kwa sababu mchezaji huzishika, huua nazo maadui wachache, kisha husoma majina ya waliotengeneza mchezo. Kwao methali ya chelewa chelewa utakuta mwana si wako hutimia neno kwa neno.

Final Fantasy IX ya mwaka 2000 ililipeleka jambo hilo mbali zaidi kwa upanga uitwao Excalibur II, ambao hupatikana tu na mchezaji anayefika katika eneo la mwisho kabla saa ya mchezo haijatimiza saa 12. Ili aupate, hulazimika kuyapita mbio mazungumzo, vijiji na majukumu ya pembeni, yaani kazi za hiari zilizo nje ya hadithi kuu, kwa maneno mengine kuviacha vitu vilivyoufanya mchezo upendwe, na anapoupata hana tena safari ya kuutumia. Wabunifu wa Final Fantasy X, iliyofuata mwaka 2001, walionekana kulielewa tatizo vizuri zaidi. Ni kweli kwamba waliweka masharti ya kuchosha, likiwemo la kukwepa radi mara 200 mfululizo ili silaha ya mhusika aitwaye Lulu ifikie ukamilifu wake, lakini waliandaa pia uwanja wa viumbe wa hiari walio wakali kuliko adui mkuu wa hadithi, hivyo aliyevumilia radi zile alijua kwamba kuna mbabe anayemsubiri.

Lipo pia kosa la kuficha sharti lenyewe. Katika Final Fantasy XII ya mwaka 2006, mkuki mkali kuliko silaha nyingine zote ulitegemea mchezaji asifungue masanduku manne fulani, ambayo mojawapo hukutana nalo mapema katika mji anaoanzia, na hakuna mahali popote ndani ya mchezo alipoonywa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini methali hiyo huchukulia kwamba mtu amekwisha kujua kuna kitu mvunguni. Mchezaji aliyefungua masanduku kama michezo yote ilivyomfundisha alijikuta ameadhibiwa kwa kosa asilojua kuwa ni kosa, na matoleo ya baadaye yakaliondoa sharti hilo.

Silaha kali siku ya kwanza

Kinyume cha desturi hiyo ni kumruhusu mchezaji apate nguvu mapema, mradi ajue namna ya kuifikia, na mfano ulio wazi ni Dark Souls, mchezo wa mwaka 2011 wa kampuni ya Kijapani FromSoftware, unaojulikana kwa ugumu wake. Mchezaji ambaye hajatembea mbali hufika kwenye daraja refu la mawe, na anapopiga hatua kadhaa joka hushuka kutoka angani na kulifagia daraja zima kwa moto. Wengi hufa hapo na kujifunza kupita kwa kukimbia. Yule anayetulia akachunguza mazingira hugundua kwamba chini ya daraja pana njia, na kwamba akisimama humo akatazama juu, mkia wa joka huonekana ukining'inia mbali na moto. Kwa upinde wa kawaida na fungu la mishale, hulenga mkia huo mshale baada ya mshale, hadi unakatika, na upanga wenye nguvu ya 200 ukaingia katika mkoba wake, wakati panga za kawaida za hatua hiyo huanzia karibu na 80.

Utulivu wa macho pamoja na subira ndiyo bei iliyolipwa hapo, na kwa saa kadhaa zinazofuata mchezaji huvuna matunda yake. Busara ya wabunifu imo hata zaidi katika kilichofichika ndani ya upanga wenyewe, kwa maana tofauti na silaha nyingine, nguvu yake haipandi pamoja na misuli wala wepesi wa mhusika, na huimarishwa kwa magamba ya majoka ambayo ni adimu. Hivyo upanga huu humvusha mchezaji katika kipindi kigumu cha mwanzo, kisha taratibu hupitwa na silaha alizozilea mwenyewe, bila mtu kumnyang'anya. Zawadi ya mapema imepewa kikomo ndani ya umbile lake, na kwa sababu hiyo haiharibu yanayofuata.

Njia nyingine ya kuruhusu nguvu ya mapema ni kuufunga mlango kwa mtumiaji badala ya kuifunga silaha. Michezo mingi huweka kiwango cha nguvu au akili ambacho mhusika asipokifikia hawezi kuutumia upanga ipasavyo, hata kama anaubeba mgongoni. Michezo ya Pokémon, iliyoanza Japani mwaka 1996, ilitumia kanuni hiyohiyo kwa viumbe badala ya vyuma: mchezaji aweza kupewa na rafiki yake kiumbe mwenye nguvu nyingi, lakini asipokuwa amejishindia beji za kutosha kwa kuwashinda viongozi wa miji, kiumbe huyo humkaidi, akalala usingizi au akafanya apendalo katikati ya pambano. Kanuni hii ni ya haki kwa sababu inaonekana, inaeleweka, na humpa mwenye nacho hamu ya kukua hadi astahili alichonacho.

Dunia inayopanda pamoja na mchezaji

Wapo wabunifu waliotaka kulikwepa swali lote kwa kuifanya dunia nzima ipande sambamba na mhusika, mbinu inayoweza kuitwa ulinganishaji wa ngazi, ambapo programu hutazama kiwango cha ukuaji wa mhusika na kuamua kwa kipimo hicho ukali wa maadui na ubora wa hazina. Kampuni ya Marekani ya Bethesda, ambayo katika Morrowind ya mwaka 2002 iliweka kwa mkono zana nyingi mashuhuri mahali maalumu zikimsubiri yeyote mwenye ujasiri wa kuzifuata, iliitumia mbinu hiyo kwa upana katika Oblivion ya mwaka 2006. Matokeo yake yaliwashangaza wachezaji: majambazi wa barabarani, waliokuwa wakiomba sarafu chache, walianza kuonekana wamevaa dirii za thamani ya kutosha kununulia nyumba, kwa sababu tu shujaa aliyepita hapo alikuwa amekua.

Upande wa zawadi ulikuwa na kasoro kubwa zaidi. Silaha nyingi zilizotolewa kama malipo ya kazi muhimu zilipimwa kwa ngazi ambayo mchezaji alikuwa nayo siku alipozipokea, na zilibaki hivyo milele. Aliyeharakisha kusaidia wanakijiji alipewa toleo dhaifu la upanga uleule ambao mvivu angeupata baadaye ukiwa mkali mara kadhaa, na wachezaji waliokwisha kulijua jambo hilo wakawa wanaziahirisha kwa makusudi kazi walizozipenda. Mfumo uliokusudiwa kumwondolea mchezaji wasiwasi wa wakati ukamwongezea, na ukaondoa kile kinachoipa silaha maana, kwa sababu upanga mkali huhisiwa kuwa mkali pale tu ambapo adui wa jana, aliyemshinda mtu jana, leo anashindwa. Dunia inayopanda hatua kwa hatua na shujaa wake humnyima ushahidi wa kukua kwake.

Katikati ya safari

Mfano unaokaribia ukamilifu unapatikana katika Baldur's Gate II, mchezo wa mwaka 2000 uliotengenezwa na kampuni ya Kanada ya BioWare kwa misingi ya kanuni za Dungeons & Dragons. Katika sura ya pili kati ya saba, mchezaji hutakiwa kukusanya sarafu 20,000 na huachwa huru kuchagua kazi za kumpatia fedha hizo. Mojawapo humpeleka katika vilima vya Windspear, na chini ya ardhi hukutana na joka jekundu liitwalo Firkraag, lenye hazina iliyo na upanga uitwao Carsomyr. Joka hilo huzungumza kwa majivuno na kumwacha aende zake. Anayejiona hajawa tayari huweza kuondoka akiwa salama, akijua mahali penye hazina na gharama ya kuipata, kisha akarudi baada ya kujiandaa. Anayejiamini huweza kuanzisha vita hapohapo, akashinda kwa mbinu au akateketea.

Upanga wenyewe umebuniwa kwa kuyatazama yaliyo mbele. Ni shujaa wa kidini tu ndiye aliyekusudiwa kuushika, humpa kinga ya asilimia 50 dhidi ya uchawi, na kila unapompiga adui huondoa uchawi aliojizungushia, katika mchezo ambao maadui wake wakubwa ni wachawi, adui mkuu akiwa mmoja wao. Anayeupata mapema bado ana sura tano na makumi ya saa za mapambano yanayousubiri, kwa hiyo silaha kali kuliko nyingi imefika wakati kazi yake ndiyo kwanza inaanza, na imefika kwa uamuzi wa mchezaji mwenyewe.

Miaka 17 baadaye, kampuni ya Nintendo ilitumia kanuni inayofanana katika The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ambao ni mchezo wa matukio uliokopa mengi kutoka katika michezo ya kuigiza mhusika. Upanga mkuu umechomekwa katika jiwe msituni, na mchezaji aweza kuukuta akiwa bado mchanga. Anapoushika mpini na kuvuta, mioyo inayoonyesha uhai wake hupungua mmoja baada ya mwingine, na asiye na mioyo 13 kamili hauwezi, ilhali safari huanza na mioyo mitatu. Mioyo hiyo hupatikana kwa kupita majaribio yaliyotawanyika nchi nzima, kwa hiyo kila jaribio dogo hupata maana mpya baada ya siku ile ya kushindwa msituni. Tena, tofauti na silaha nyingine zote za mchezo huo, ambazo huvunjika kwa kutumiwa, upanga huu huchoka tu na hurudiwa na nguvu baada ya dakika 10, na ukali wake wa 30 huongezeka hadi 60 mbele ya majeshi ya adui mkuu. Kwa namna hiyo hauzifukuzi silaha nyingine mkononi mwa mchezaji, nao huwa na kazi yake maalumu inayoujulisha.

Silaha inaponunuliwa

Jambo linalobaki ni la soko. Diablo III, mchezo wa kampuni ya Blizzard uliotolewa mwaka 2012, ulianza ukiwa na mnada ambapo wachezaji waliweza kuuziana zana kwa dhahabu ya mchezo na hata kwa fedha halisi. Mchezo mzima ulijengwa juu ya furaha ya kuua jitu na kuona kilichodondoka, lakini kwa kuwa zana bora ilikuwa sokoni wakati wowote, kilichodondoka kiligeuka bidhaa ya kuthaminishwa, na njia ya mkato ya kuwa na nguvu ikawa kuperuzi orodha za bei. Mnada huo ulifungwa tarehe 18 Machi 2014, na mfumo wa nyara ukabadilishwa ili zana zinazomfaa mhusika zipatikane kwa kupigana. Tukio hilo linathibitisha kwamba swali la lini haliwezi kutenganishwa na swali la vipi, kwa maana silaha iliyonunuliwa haina kumbukumbu ya daraja, mkia wala msitu.

Mbunifu anayetaka kujua kama ameuweka upanga wake mahali panapostahili anaweza kufanya jaribio rahisi la kalamu na karatasi: aandike majina ya maadui wote ambao mchezaji atakutana nao baada ya kuupata, kisha aweke alama kwa kila mmoja ambaye bila upanga huo angekuwa shida kubwa, na ambaye hata kwa upanga huo bado atadai akili. Orodha ikiwa tupu, upanga umechelewa, nao urudishwe nyuma sura moja au mbili. Orodha ikijaa majina yasiyo na alama, umewahi mno, na uongezewe sharti au upunguzwe makali. Sarafu 10 zilizompungukia mchezaji wa Dragon Quest mbele ya duka la kwanza zilitokana na uangalifu wa aina hiyo, wa mtu aliyehesabu kabla ya mchezaji kufika na kumwachia pengo dogo ambalo angeweza kulijaza kwa mikono yake.